Mikufu ya Amani

1

Mzee Osmund Komba alikatwa vidole viwili saa nne na robo asubuhi, kisha akaniomba radhi kwa kuchafua meza.

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilisikia kisu kikigonga kitu ambacho si kokwa la parachichi, nikageuka, nikamwona ameushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, maana mikufu ya kutuliza hisia waliyovaa wafanyakazi haikugusa maumivu ya mwili. Lakini macho yake yalikuwa matulivu kabisa.

"Samahani sana, afisa," alisema. "Naona nimewacheleweshea mkanda."

Nilipiga kelele. Nilipiga mimi peke yangu, katika ukumbi wa kiwanda cha parachichi wenye watu mia mbili na kumi na wawili. Wengine waligeuka wakanitazama kwa huruma, wakanipa pole mimi. Binti wa huduma ya kwanza alikuja kwa mwendo wake wa kila siku, akafunga jeraha vizuri, akavitia vidole kwenye mfuko wa barafu kama alivyofundishwa, huku akiimba kwa sauti ya chini. Gari la wagonjwa lilipotoka getini, Oresto, msimamizi wa zamu, alifuta meza, akamwita msichana mmoja akae kwenye mashine ileile, na mkanda wa matunda ukaanza kutembea. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Mtu mmoja alipiga makofi kwa kuwa bado tulikuwa ndani ya lengo la siku.

"Oresto, mtoe huyo binti hapo!" nilisema.

"Amekubali mwenyewe, afisa. Ana furaha."

Kweli alikuwa na furaha. Nilimvuta mkono nikamwondoa, nikaizima mashine kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi sikuwa na mkufu. Kanuni ilisema afisa ustawi asivae, ili akili yake isiguswe anapowaamulia wengine. Kanuni hiyo niliiandika mimi, Leokadia Mgongolwa, na kwa miaka miwili nilijivunia.

2

Mashine ya jirani ilikuwa ya dada Eusebia Kihwele. Eusebia ni Mhehe kama mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, na kabla ya mikufu mdomo wake ulikuwa unajulikana hadi Makambako.

"Dada Eusebia, hii kinga ya kisu cha mzee Komba, uliona kama imelegea?"

"Niliona," alijibu, mikono ikiendelea kupanga matunda. "Skrubu mbili. Inacheza tangu Jumatatu ya juma lililopita."

"Hizo ni siku nane! Ulimwambia nani?"

Alifikiri kidogo, bila haraka. "Sikumwambia mtu. Nilianza kumwambia mwenyewe, halafu nikaona haina haja ya kuharibu siku."

"Mtu amepoteza vidole, dada."

"Ndiyo, masikini. Nimemhurumia kweli." Akatabasamu, tabasamu zuri lisilo na hila hata chembe. "Lakini wameshatafuta mtu wa kushika nafasi yake, au siyo?"

Niliwauliza wengine wawili wanaopita hapo kila siku. Nao waliiona. Nao hawakutaka kuharibu siku.

Nilipanda ofisini, nikafungua kumbukumbu za Tulizo. Huo ndio mfumo wenyewe. Mkufu unakaa shingoni, kitufe chake kinagusa ngozi nyuma ya sikio, unasoma mapigo ya moyo, jasho na sauti. Ukiona hasira, hofu au uchungu vinapanda, unapeleka mtekenyo mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni, na kile kinachopanda kinashuka. Mwenye mkufu hajui kama ameguswa. Anaona tu kwamba jambo lile, kumbe, halikuwa kubwa.

Nikatafuta Jumatatu ya juma lililopita, mashine ya nne na ya tano. Sauti ya Eusebia ilitoka safi.

"Wewe Komba, mateka wa babu yangu, hebu tazama hiyo kinga ya..."

Hapo mfumo ukaandika: kauli ya uhasama, neno mateka, mtekenyo daraja la pili. Sekunde nne za kimya. Kisha Eusebia akasema, kwa sauti laini, "Basi, haidhuru. Habari za nyumbani, mzee?"

Nilirudia kusikiliza mara sita. Nilikuwa najua neno lile liliingiaje kwenye orodha.

Mzee Komba ni Mngoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Hilo hakuna asiyelijua huku kwetu. Na katika ukumbi ule hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake kwa adabu kwamba mashine yake ina hitilafu. Ukisema kwa adabu ulionekana unamchongea kwa msimamizi. Ulimtukania ukoo wake, ukaichomeka hitilafu katikati ya matusi, naye akakujibu matusi mazito zaidi huku akitafuta bisibisi. Ndivyo mashine zilivyotengenezwa miaka yote, na hakukuwa na fomu ya kazi hiyo.

Mwaka 2069 wataalamu wa Tulizo walipokuja Njombe, walirekodi mazungumzo ya ukumbini mwezi mzima, wakanipa vipande elfu nne niviwekee alama. Kulikuwa na visanduku viwili, cha heri na cha uhasama. Nilipofika kwenye matusi ya watani nilisita. Nilijua si uhasama. Lakini niliona haya kumweleza mtaalamu aliyetoka mbali, mwenye suti yake, kwamba kwetu mtu akimwita mwenzake mateka anamjulia hali. Niliogopa tutaonekana washamba. Nikatia alama kwenye uhasama, kipande baada ya kipande, na mwisho nikaweka sahihi.

Nililia pale mezani, kilio cha aibu. Kisha nikanawa uso, nikaenda kwa mkurugenzi.

3

Bwana Msemwa alinisikiliza mpaka mwisho. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mtu mbaya, naye hakuwa mtu mbaya.

"Unakumbuka kiwanda hiki kilivyokuwa?" aliniuliza. "Unakumbuka yule msimamizi aliyekuwa akiwatukana akina mama mpaka wanakwenda kulilia chooni? Unakumbuka ni nani aliyekuja hapa, akasimama hapohapo uliposimama, akaniambia hali hii haivumiliki?"

"Ni mimi, bosi."

"Leo hakuna anayelia chooni. Hakuna ngumi. Watu wanakuja kazini wanacheka. Neno moja kwenye orodha limekosewa, tulifute neno."

"Si neno moja. Hata tukilifuta, mtu akiogopa mashine anatulizwa. Akiona uonevu anatulizwa. Mzee Komba aliniomba radhi mimi!"

"Basi waulize wenyewe. Tulipiga kura mwaka jana, asilimia tisini na nane waliitaka mikufu."

"Walipiga kura wakiwa wameivaa."

Nadhani jambo hilo lilikuwa limemjia zamani akalipita. "Na ukiwavua?" aliniuliza. "Wewe ndiye uliyeniandikia taarifa ya majaribio."

Hilo ndilo lililonikaba. Tulizo haiui hisia, inazizuia mlangoni tu. Mwanzoni watu walivua mikufu getini jioni, na yaliyozuiwa mchana kutwa yaliwarudia njiani yote kwa mkupuo, hata wakaomba wenyewe kwenda nayo nyumbani. Katika majaribio tuliwavua watu kumi na mmoja waliokuwa wameivaa miezi mitatu. Wanne walilia siku mbili. Mmoja alimpiga jirani yake kwa jambo la mwaka uliopita. Hawa wa sasa walikuwa na miaka miwili. Eusebia alimzika mumewe mwezi Machi, akarudi kazini siku ya nne, akapanga matunda huku akitabasamu. Kilichokuwa kinamngoja nyuma ya mlango ule sikuweza hata kukifikiria.

"Alhamisi wanakuja wageni kutuletea ile ngao ya Mahali Bora pa Kazi," Bwana Msemwa alisema, akasimama. "Usiwaumize watu wako, Leokadia. Kawatulize."

Mchana ule nilikwenda hospitali. Mzee Komba alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa, shingo tupu. Wauguzi walikuwa wameuvua mkufu kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji.

"Shikamoo, mzee Komba."

"Leo sina marahaba ya kukupa."

Nilisubiri anitukanie ukoo. Mimi ni mtani wake, ilikuwa haki yake, na ningeshukuru. Hakunipa hata tusi moja.

"Nilijiona, afisa," alisema. "Ndilo linaloniuma kuliko hivi vidole. Najiona nimesimama pale, mkono unavuja damu, nakuomba msamaha. Mimi! Baba yangu alimrushia jembe mwenye shamba kwa dharau ndogo kuliko hiyo." Akauinua mkono uliofungwa. "Umenivua hasira yangu bila kuniambia."

"Nataka kuzima, mzee. Lakini nikizima bila kuwauliza, nawaamulia kwa mara ya pili. Nikiwauliza wakiwa wamevaa, watakubali chochote nitakachosema. Na nikizima, wataumia. Unanishauri nini?"

Nilidhani atanifukuza.

"Zima, halafu ndio uulize," alisema. "Mashine zizimwe kwanza. Wakalishe chini, wape uji, mtu asishike kisu. Na Eusebia mkae naye karibu, pande zote mbili. Yule hajalia bado." Akageuzia uso ukutani. "Halafu mkimaliza, uwe tayari. Watakutafuta wewe."

4

Jumatano saa mbili asubuhi nilikata umeme wa mkanda. Kifungu cha kumi na mbili cha kanuni za mikufu kilinipa mamlaka ya kusimamisha mfumo kwa saa sita kwa sababu za afya, na hakikusema lazima nimwambie mkurugenzi kabla. Nilijua kazi yangu ilikuwa inaishia hapo. Nilikuwa nimeamua.

Visu vyote vilifungiwa stoo. Watu walikaa sakafuni kwenye ukumbi wa kuchambulia, wakapewa uji, wakaufurahia. Nilipanda juu ya kreti, nikawaeleza kila kitu: kinga iliyolegea, neno mateka, sahihi yangu, watakachohisi. Walisikiliza kwa upole. Oresto aliinua mkono akasema nisijisumbue, wao wananiamini. Niliumia kuliko kama angenizaba kofi.

Nikashuka, nikaketi ubavuni mwa Eusebia. Upande wa pili nilimweka Gaudensia Mhagama, rafiki yake wa siku nyingi. Nikaweka dole gumba kwenye kishikwambi, nikazima.

Kwa dakika nzima halikutokea lolote. Mtu mmoja alicheka. Kisha yule binti wa huduma ya kwanza, aliyekuwa akiimba jana, akaanza kutapika. Mwanamume mmoja alisimama, akatembea hadi ukutani, akaweka paji la uso pale na kuanza kupiga ukuta kwa viganja. Sauti zilipanda kutoka kila kona, vilio, majina ya watu, matusi, mmoja akisema tu, "Kwa nini? Kwa nini?" Vikombe vya uji vilimwagika.

Eusebia hakutoa sauti. Alinishika mkono, akaubana mpaka nikahisi mifupa inasagana. Kinywa kilifunguka, na kilichotoka baada ya muda mrefu kilikuwa jina la mumewe. Aliliita mara tatu, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Halafu akajua haitikiwi, akaanguka mapajani mwa Gaudensia, na kilio kile sitaki kukieleza. Tulimshika kwa muda wa saa mbili.

Saa tano hivi ukumbi ulikuwa umechoka. Ndipo walipoanza kunitafuta, kama mzee alivyosema.

"Miaka miwili!" Oresto alifoka. Macho yalikuwa mekundu. "Jana nimemkalisha mtoto wa watu kwenye mashine yenye damu. Nimefanya mimi! Nitamtazamaje mama yake?"

"Nisameheni," nilisema. "Mikufu ni yenu sasa. Asiyetaka asivae."

"Na anayetaka?" Huyo alikuwa Gaudensia, bado amempakata mwenzake. "Msiniangalie hivyo. Nyumbani kwangu kuna mwanamume anayeniinulia mkono kila akilewa. Hapa ndipo ninapopumzika. Mnataka kuninyang'anya na hicho?"

Macho yote yalimgeukia Eusebia.

Eusebia aliinuka taratibu. Alijifuta kwa aproni, akaufungua mkufu wake shingoni, akaninyooshea.

"Wewe uliwahi kuvaa?"

"Hapana, dada. Kanuni..."

"Kanuni uliandika wewe, tumesikia. Vaa. Tukuone. Sisi hatujawahi kujiona."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyomwogopa Msemwa. Lakini kama ningekataa, yote niliyosema juu ya kreti yangekuwa porojo. Nikachukua kishikwambi, nikaandikisha dole gumba lake kwenye ufunguo wa mfumo, kisha nikafuta langu, ili asiwe na haja ya kuniamini. Nikavaa. Eusebia akauwasha mkufu ule mmoja.

Mtekenyo wenyewe sikuusikia. Niliona tu kwamba nimehangaika mno. Ukumbi ulikuwa na mwanga mzuri. Watu walikuwa wamelia, ndiyo, na kulia kunasaidia. Nikashangaa kwa nini tangu jana nilikuwa nimejikunja namna ile.

Mlango ukafunguliwa, Bwana Msemwa akaingia na walinzi wawili. Uso wake ulikuwa wa majivu. Aliponiona na mkufu shingoni alishusha pumzi.

"Afadhali," alisema. "Leokadia, haya yalikuwa majaribio ya kawaida ya mfumo, sivyo? Yamekwisha, watu warudi kazini. Nimeandika barua fupi, weka sahihi tu."

Niliisoma neno kwa neno. Ilisema kwamba mimi, afisa ustawi, nathibitisha wafanyakazi wote wameeleweshwa na wameridhia kwa hiari kuendelea na mikufu. Nilikumbuka kila kitu. Nilimkumbuka Komba na vidole vyake, nilikumbuka sekunde nne za kimya. Nilikumbuka na sikuona kama vinapingana na ile barua. Msemwa alionekana amechoka, na kusaini kungempumzisha. Nikachukua kalamu kwa moyo mweupe.

"Usimguse," Eusebia alimwambia Oresto aliyekuwa ananijia. "Mwacheni. Tazameni."

Nikaandika jina la kwanza. Nakumbuka nilijitahidi herufi zipendeze. Nikaanza la pili.

Eusebia akabonyeza.

Ilirudi kama maji ya moto kichwani. Niliona mkono wangu, kalamu, jina langu kwenye karatasi, na watu mia mbili wamesimama wananitazama. Wengine walikuwa wameziba midomo. Nikaichana barua vipande, nikaung'oa mkufu, nikapiga magoti mbele yao.

"Mmemwona," Eusebia alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kilio, lakini kila mtu aliisikia. "Huyu alikuja hapa leo kuachia kazi yake kwa ajili yenu. Dakika tano zimemtosha. Nami nilikuwa hivyohivyo kaburini kwa mume wangu, mchanga unamwagwa, mimi nawauliza watu kama wameshakula."

Gaudensia alianza kulia upya, polepole.

"Saa saba mashine zinawaka," Bwana Msemwa alisema. Alijitahidi ionekane amri. "Atakayekuwa hayupo kwenye nafasi yake..."

"Mkurugenzi, keti au utoke," Eusebia alimkatiza. "Leo hatupigi kura, bado tunatetemeka. Tutapiga keshokutwa, shingo tupu, na Gaudensia ataongea wa kwanza. Mzee Komba ataletwa naye aongee. Mpaka siku hiyo hapawashwi kitu."

Msemwa aliwatazama walinzi wake. Mmoja wao alikuwa ameshavua mkufu, ameushika mkononi, machozi yanamtiririka.

Mkurugenzi alitoka. Hakuna aliyeinuka kumfuata, wala aliyekwenda kwenye mashine. Nilijikongoja nikasimama, nikajifuta magoti, na mazoea ya miaka yakanirudia: kulikuwa na kikao cha kuendesha, orodha ya kuandika, mfumo wa kulinda usiguswe na mtu. Nikamnyooshea Eusebia mkono.

"Nipe kishikwambi, dada. Nirudishe dole langu, niweke mambo sawa."

Alinitazama, bila chuki. Akakitia kishikwambi ndani ya aproni, akaikaza kamba.

"Kaa chini, Leokadia," alisema. "Sogeeni, mpisheni akae. Haya, nani mwingine ana neno?"